Faili zako zilale wapi? Njia nne, kwa mwenye simu iliyojaa au laptopu ya mashaka

Mama mmoja muuza vitenge hapa Oli, Arua, Uganda, aliketi kwenye benchi langu wiki iliyopita akaninyoshea simu kabla hata salamu hazijaisha. "Fundi, inasema imejaa. Nimefuta picha zote za harusi ya binti yangu, na bado inasema imejaa."

Nikafungua ukurasa wa hifadhi. Picha za harusi zilikuwa bado zimo, kwenye pipa la taka la simu, zinakula nafasi ile ile ya jana. Kilichoijaza simu hasa ni video za magrupu manne ya WhatsApp, zinazojipakua zenyewe bila kumwuliza. Na kadi ya GB 64 aliyoinunua ili kumaliza shida hiyo hiyo ilikuwa tupu. Imo ndani ya simu tangu Ramadhani, na hakuna programu hata moja iliyoandika kitu humo, kwa kuwa hakuna aliyeiambia iandike.

Picha tulizirudisha. Ila aliponiuliza, "Sasa nifanye nini isirudie?", nikaona sina jibu moja. Aliyekuwa akisubiri nyuma yake ni mwalimu mwenye laptopu, na yeye ningemjibu karibu kinyume.

Wengi wakifika hapa hudhani shida yao ni GB chache. Mara nyingi shida ni kwamba hawajui nani aliyeamua faili ikae pale ilipo. Njia ni nne: kuiachia programu iamue, kuhamisha mwenyewe kwenda diski nyingine au kadi, kutumia programu za kubeba, zinazoishi kwenye flashi pamoja na faili zao, au kupandisha kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni unazozifikia kwa intaneti. Nitazipima zote kwa mizani moja.

Mizani yenyewe

*Kufikika.* Je, unaweza kuikuta faili bila kuifungua programu iliyoiandika? Jaribu sasa hivi: chukua sauti moja uliyotumiwa jana, uitafute kwa kupitia folda tu. Ukishindwa, basi unaijua programu, mahali pa faili hupajui.

*Msiba.* Simu ikaporwa ukiwa juu ya boda, laptopu ikamwagikiwa chai, diski ikaanza kulia tik-tik. Kinabaki nini?

*Gharama.* Shilingi, bando, na muda wako.

*Kuhama.* Ukibadilisha simu, ukifomati kompyuta, au ukiichoka programu, unaondoka na vitu vyako au unaviacha?

*Macho ya watu.* Nani mwingine anaweza kusoma?

Ukubwa wa nafasi sikuuweka. GB zinauzwa kila duka la simu, na yule mama alishazinunua.

1. Kuiachia programu iamue

Hii ndiyo hali ya watu wengi, kwa sababu ndiyo unayoikuta ukiwasha kifaa. Kwenye Windows, tangu enzi ya toleo lake la zamani liitwalo Vista, kila mtumiaji ana folda iitwayo AppData, na imefichwa. Ndani yake mna tatu: Roaming, ya vitu vilivyokusudiwa kumfuata mtumiaji akihamia kompyuta nyingine ya ofisi, Local, ya vitu vya mashine hii tu, na LocalLow, ya programu zilizonyimwa ruhusa nyingi. Vitu vinavyowahusu watumiaji wote huingia C:\ProgramData, nayo imefichwa vilevile. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, ni folda zinazoanza na nukta ndani ya folda yako ya nyumbani, na tangu 2003 kuna mwongozo uitwao XDG unaosema mipangilio ikae ~/.config, data ~/.local/share, na vitu vya kupita ~/.cache. Programu nyingine zinautii, nyingine zina vichwa vigumu. Kwenye Android kila programu ina chumba chake, na ufunguo wa chumba hicho hata wewe uliyeinunua simu hupewi.

Tusiwe wepesi kulaumu. Zamani programu za Windows ziliandika popote, hata ndani ya Program Files zilimokaa zenyewe, na kirusi kilipita mlango huo huo. Vista iliufunga. Programu za zamani ambazo hazikujua kuwa umefungwa zilidanganywa kwa upole: ziliendelea "kuandika" kwenye Program Files, huku Windows ikizigeuzia maandishi kwenda folda ya VirtualStore ndani ya AppData\Local. Niliwahi kupoteza nusu siku natafuta faili ambayo programu yenyewe iliapa iko mahali fulani, na mahali hapo hapakuwa na kitu.

*Kufikika:* kwenye kompyuta ni wastani. Andika %APPDATA% juu kwenye sehemu ya anwani, mlango unafunguka. Kwenye simu ni vigumu: tangu Android 11, ya mwaka 2020, hata programu nyingi za kupekulia faili huzuiwa kuingia Android/data.

*Msiba:* hapa ndipo nilipochomwa mimi mwenyewe. Mfanyabiashara wa nafaka aliniletea kompyuta iliyojaa virusi. Nikanakili Desktop, Documents na Pictures kama nilivyofundishwa, nikafomati, nikaweka Windows upya, nikajisifu. Siku ya pili akarudi na daftari mkononi. "Mwanangu, madeni yangu yako wapi?" Programu yake ya stoo ilikuwa ikiandika kila kitu ndani ya ProgramData. Sikuwahi kuifungua folda hiyo, na yeye hakuwahi kuisikia. Miezi minane ya mauzo ikawa imekwenda. Mtengenezaji wa programu ile hakuandika popote kwenye skrini kwamba hesabu zinakaa wapi, lakini aliyebonyeza kitufe cha kufomati ni mimi.

Kwenye simu mambo hayana tofauti: ukiondoa programu, chumba chake huondoka nayo.

*Gharama:* bure. Huna la kupanga wala la kujifunza. Deni huja baadaye.

*Kuhama:* unategemea hisani ya programu. Ikiwa na njia ya kutoa nakala, shukuru. Isipokuwa nayo, utakesha.

*Macho ya watu:* hapa njia hii inastahili sifa. Chumba cha programu moja kwenye Android hakisomwi na nyingine, na kwenye Windows mtumiaji wa kawaida hafungui folda binafsi za mwenzake. Ila laptopu ambayo diski yake haikusimbwa, yaani haikufungwa kwa msimbo usiosomeka bila ufunguo, mtu akiitoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, anasoma anavyotaka.

Inamfaa nani? Mtu ambaye kilichomo hakimuumi kikipotea: michezo, vitabu atakavyopakua tena, muziki. Inamfaa pia mzee ambaye akifunguliwa folda tu anafadhaika, mradi kuna mtoto au mjukuu anayemwekea akiba, yaani nakala ya pili, pengine.

2. Kuhamisha mwenyewe

Hapa unaiambia programu: andika kule. Kwenye Windows 10 na 11 unaweza kuhamisha Documents yote kwa mkupuo. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, kisha Location, kisha Move, uchague kwa mfano D:. Faili zinahama na programu zinafuata bila kelele. Chrome na Telegram ya kompyuta zina mahali pa kuchagua folda ya vipakuliwa. Kwenye Linux unabadilisha XDG_DATA_HOME au unaweka kiungo. Windows nayo ina kiungo cha aina hiyo, amri ya mklink /J, kwa programu ile isiyokubali kuambiwa: unaihamisha folda yake, unaacha kiungo pale pa zamani, na programu inaendelea kuandika ikidhani iko nyumbani.

Kwenye simu kuna kadi. Kamera nyingi zina kitufe cha kuandika moja kwa moja kwenye kadi, na ndicho nilichomwashia yule mama. WhatsApp haina kitufe hicho. Folda yake inakaa kwenye hifadhi ya simu, sasa ndani ya Android/media, na unachoweza ni kuzima kujipakua kwa video, halafu unahamisha za zamani kwa mkono.

*Kufikika:* nzuri kuliko zote. Anwani umeitunga mwenyewe, kwa hiyo unaijua.

*Msiba:* hapa watu wanajidanganya sana, na nitakaa kidogo. Wateja wengi wananiambia, "Vitu vyangu viko salama, viko D." Nikifungua laptopu, nakuta C na D ni vipande viwili vya diski moja. Hiyo inakuokoa siku ya kufomati, kama ingemwokoa yule mzee wa nafaka. Siku diski inapokufa, C na D hufa pamoja. Mwizi naye hachukui C akakuachia D. Kama unataka ulinzi wa msiba, basi iwe diski ya pili kabisa, isiyolala chumba kimoja na kompyuta.

Kadi za simu zina mitego yao miwili. Wa kwanza: tangu Android 6.0, mwaka 2015, simu nyingine zinakuuliza kama kadi itumike kama hifadhi ya ndani. Ukikubali, kadi inafomatiwa, inasimbwa, na ufunguo unabaki ndani ya simu hiyo. Nafasi inaongezeka na programu zinaweza kuhamia humo, raha. Simu ikifa, ile kadi ukiichomeka kwingine haisomeki, na hakuna fundi wa Arua wala wa Kampala atakayeifungua. Kwa picha za familia, mimi huchagua kadi ibaki ya kawaida.

Mtego wa pili ni kadi bandia. Imeandikwa GB 128 kwa nje, ndani ina 8. Inapokea kila kitu kwa adabu, na ikishajaa kweli inaendelea kupokea huku inatupa. Utagundua siku ya kufungua picha ukakuta vipande vya kijivu. Kabla ya kuweka chochote, ichomeke kwenye kompyuta uipime kwa H2testw, au F3 kama unatumia Linux. Zinaijaza kadi hadi mwisho, kisha zinasoma tena kilichoandikwa. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Ifanye usiku umeme ukiwepo.

*Gharama:* bei ya kadi au diski, mara moja, na bando haliguswi. Muda wa kupanga ni mchana mmoja.

*Kuhama:* rahisi. Unachomoa hapa, unachomeka pale. Angalia tu kwamba kadi au flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, na video ndefu ya arusi inafika huko. Tumia exFAT.

*Macho ya watu:* kadi ya kawaida husomwa na yeyote atakayeiokota. Hata fundi. Nasema hivi nikiwa fundi.

Inamfaa mwenye duka, mwandishi wa ripoti, mpiga picha, na yeyote anayefomati kompyuta mara kwa mara. Haimfai mtu wa kusahau, kwa sababu folda uliyoihamisha kwenda diski ya nje, siku diski isipochomekwa, programu italalamika au, mbaya zaidi, itaanza folda mpya tupu kimyakimya.

3. Programu za kubeba

Hii watu wanaijua kidogo kuliko inavyostahili. Ni programu isiyohitaji kuwekwa kwenye kompyuta. Unaifungua kutoka kwenye flashi, na mipangilio yake, historia yake, faili zake, vyote vinakaa ndani ya folda yake. LibreOffice ya kuandikia nyaraka na Firefox ya kufungulia tovuti zina matoleo ya namna hii kwenye tovuti ya PortableApps. VS Code, programu ya waandishi wa msimbo wa kompyuta, ile ya faili la zip, ukiiundia folda iitwayo data kando yake, inahamishia humo kila kitu ambacho ingekipeleka AppData. Mpango huo napenda sana. Programu inakwambia wazi: tutaishi hapa, ukitaka kuondoka, beba folda.

*Kufikika:* yote iko mbele ya macho, folda moja.

*Msiba:* flashi ni kitu kidogo kinachopotea mfukoni. Inachomolewa ovyo, umeme unakatika katikati ya kuandika, na sisi wa West Nile, mkoa huu wa Arua, tulioishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa tunajua umeme unavyoweza kuondoka katikati ya neno. Bila nakala ya pili, hii ndiyo njia yenye msiba wa karibu zaidi.

Halafu kuna kile kirusi cha njia za mkato. Unachomeka flashi kwenye kompyuta ya kafe, ukirudi nyumbani folda zako zote zimekuwa vialama vyenye mshale mdogo. Usivibofye. Mara nyingi faili hazijafutwa, zimefichwa tu. Zirudishe kwa attrib -h -r -s /s /d ukiwa ndani ya flashi hiyo, kisha futa vialama na upige skani.

*Gharama:* bei ya flashi moja nzuri. Ya bei ya kutupa itakuchosha, kwani programu itafunguka polepole hadi uitukane.

*Kuhama:* hakuna njia inayoishinda hii. Nakili folda, umehama.

*Macho ya watu:* Firefox ya kubeba iliyohifadhi nywila zako ni zawadi kwa atakayeiokota flashi. Weka nywila kuu, au simba flashi nzima. Programu ya VeraCrypt inafanya hivyo, lakini kompyuta ya kafe au ya shule kwa kawaida itadai ruhusa ya msimamizi ili kuifungua, na hutapewa. Kumbuka pia kwamba kompyuta ya mtu inaweza kuwa inanakili unachoandika. Kubeba programu yako hakuifanyi mashine ya mwenzako kuwa yako.

Inamfaa mwanafunzi asiye na kompyuta, karani anayezunguka ofisi tatu, na mtu anayechapisha kazi zake Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, na hataki kuacha nakala kwenye kompyuta ya mchapaji. Kwa wenye simu tu, hakuna cha maana hapa, ruka.

4. Wingu

Google inakupa GB 15 za bure, zinazogawanywa kati ya barua za Gmail, Drive na Picha. OneDrive, wingu la Microsoft, inatoa 5. Zamani Google Picha ilipokea picha zilizobanwa bila kikomo, hilo likaisha tarehe 1 Juni 2021. Na akiba za WhatsApp za Android, ambazo kwa miaka zilikuwa hazihesabiwi, zilianza kuhesabiwa ndani ya hizo 15 mwaka 2024. Kwa hiyo video za magrupu manne ya yule mama zinaweza kuijaza simu na kulijaza wingu pia, kwa mpigo mmoja.

*Kufikika:* popote penye mtandao. Bila mtandao, itategemea. OneDrive ina tabia ya kukuonyesha faili ambayo kumbe haiko kwenye kompyuta. Imebaki jina tu na alama ya wingu la buluu. Ukienda kijijini Maracha kufanya kazi, utaibofya na haitafunguka. Kabla ya safari, bofya kulia uiambie ibaki kwenye kifaa hiki daima.

Tena OneDrive ina mtindo wa kuchukua Desktop, Documents na Pictures na kuzipeleka ndani ya folda yake, wakati mwingine kwa swali moja ulilobonyeza ndiyo ukiwa na haraka. Hapo umerudi njia ya kwanza bila kujua: programu imekuamulia. Angalia anwani ya Documents yako leo. Kama katikati yake kuna neno OneDrive, ujue.

*Msiba:* hapa wingu linang'aa. Simu ikiporwa Kampala saa moja jioni, saa mbili picha zako unaziona kwenye simu ya shemeji. Lakini mambo mawili. Kulandanisha si akiba: ukifuta kwenye simu, inafutika na kule, na kwenye Drive pipa la taka husafishwa baada ya siku 30. La pili, ufunguo wa nyumba hiyo mara nyingi ni namba yako ya simu. Simu ikienda na laini imekwenda, na msimbo wa kuingilia unatumwa kwenye laini hiyo hiyo. Chapisha misimbo ya dharura ya akaunti, uiweke na vyeti vya shule. Tena, tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili. Akaunti ya marehemu baba yenu iko hatarini.

*Gharama:* kupandisha GB ni kulipa GB. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondoka, na mahali pake tangu Julai 2021 kuna asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwa hiyo kila picha inayopanda inalipa ushuru njiani. Weka programu ipandishe kwa Wi-Fi tu. Na kuna gharama isiyo ya shilingi: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano hivi. Mwenye faili zote juu alikaa siku tano bila faili.

*Kuhama:* Google ina Takeout, inakupa vyote kwa mafurushi ya zip. Ni haki nzuri, ila kushusha GB 15 kwa bando la hapa ni safari ya kupangiwa mwezi.

*Macho ya watu:* mwenye wingu ana uwezo wa kuona, isipokuwa pale ulipowasha usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ambao ufunguo wake unao wewe tu. Akiba ya WhatsApp inao tangu 2021, lakini ni wewe wa kuuwasha, na ukisahau nywila yake hakuna wa kukusaidia. Kama unatunza data za watu wengine, sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inataka, zikichakatwa nje ya nchi, nchi hiyo iwe na ulinzi unaolingana na wetu au mwenye data awe ameridhia. Ofisi nyingi ndogo zinapandisha orodha kwenye akaunti binafsi ya karani bila kufikiria hilo.

Inamfaa mwenye mtandao wa uhakika, anayehama-hama vifaa, na kila mwenye picha asizoweza kupiga tena.

Basi, kwa hali yako

Simu ya GB 32 iliyojaa, na kinachokuuma ni picha: kamera iandike kwenye kadi iliyopimwa, kadi ibaki ya kawaida, WhatsApp izimwe kujipakua video, na picha teule, si zote, zipande wingu siku ukipata Wi-Fi. Mengine yaachie programu.

Kama una watoto wanaochezea simu yako, wingu mbele ya kadi. Kadi hutolewa ikatiwa mdomoni. Nimeshaipokea moja yenye alama za meno.

Mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu kwenye kompyuta za watu: LibreOffice ya kubeba kwenye flashi, na kila jioni ajitumie faili kwa barua pepe. Faili la maandishi ni dogo, bando halitalihisi.

Unayefanya kazi na majina ya watu, wakimbizi wa makazi ya Rhino Camp au Imvepi, wagonjwa, wanafunzi: usiyabebe kwenye flashi isiyosimbwa, hata kwa siku moja. Diski ya laptopu isimbwe yote, na kama kuna wingu, liwe akaunti ya shirika, si yako. Uliza kwa maandishi faili zinatakiwa kukaa wapi. Asiyekujibu, mwulize tena.

Unayesafiri kwenda Koboko, Ariwara ya Kongo na kurudi, mtandao ukibadilika kila mpaka: diski ya nje iwe makao, wingu liwe la kupokea nakala ukifika mjini.

Mwenye duka lenye programu ya hesabu: kabla ya kununua programu, mwulize muuzaji maswali mawili. Data inakaa folda gani? Naweza kuibadilisha? Akibabaika kwa la kwanza, nenda kwa mwingine. Akijibu la kwanza na kukataa la pili, unaweza kununua, ila andika anwani ya folda kwenye karatasi na uibandike nyuma ya skrini, kwa ajili ya fundi atakayekuja kama mimi.

Mzee wa nafaka ndivyo alivyofanya. Hesabu zake mpya ziko D:, karatasi ipo, na kila Jumamosi ananakili folda nzima kwenye flashi inayolala kwa dada yake Koboko. Flashi hiyo nililipa mimi.